Karamu ya Mwaka Mpya Uchina ni darasa la lugha

Katika somo la isimujamii huwapa wanafunzi wangu zoezi la kueleza mila ya watu wengine kwa kuzingatia lugha ya watu hao. Mwanafunzi mmoja anayejifunza Kichina alichagua kutueleza jinsi familia za Uchina zinavyoupokea mwaka mpya. Alipofika kwenye karamu ya mkesha, na kusema kwamba samaki huletwa mezani akiwa mzima, kichwa na mkia, lakini kwa kusudi hamalizwi kuliwa, darasa zima liliangua kicheko. "Ushirikina mtupu!" akasema mmoja aliyeketi nyuma.

Mimi sikucheka. Kicheko hicho kilinikera hasa kwa kuwa kilitoka kwa vijana wanaoandaliwa kuwa walimu. Ndiyo sababu nimeonelea kulileta suala hili mbele ya wasomaji wa ukurasa huu.

Katika Kichina sanifu samaki huitwa "yu". Neno la ziada au akiba nalo ni "yu", kwa toni ile ile. Kumbakiza samaki, basi, ni kuombea familia mwaka wa kubakisha, si mwaka wa kupungukiwa. Anayecheka hajaisikia dua hiyo kwa sababu hajui lugha iliyoibeba.

Mwaka mpya wa jadi wa Wachina hufuata mwendo wa mwezi na jua, na siku yake ya kwanza huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Matayarisho huanza mapema. Tarehe 23 ya mwezi wa mwisho katika sehemu za kaskazini, au 24 kusini, mungu wa jikoni huagwa aende mbinguni kutoa ripoti ya mwenendo wa nyumba. Picha yake hupakwa utamu unaonata mdomoni ili maneno yake yawe matamu. Kisha nyumba hufagiliwa pembe zote. Hapa pia lugha imo kazini, kwani vumbi huitwa "chen", na "chen" nyingine ina maana ya kitu kilichochakaa. Kufagia vumbi ni kuyaondoa ya zamani. Sikukuu ikifika ufagio huwekwa kando, isije bahati ikafagiliwa pamoja na taka.

Milangoni hubandikwa karatasi nyekundu zenye mistari miwili ya maandishi. Mistari hiyo hulingana kwa idadi ya silabi, neno la aina moja hukabiliana na neno la aina hiyo hiyo, na toni zake hupingana. Malenga wetu anayehesabu mizani angeitambua kazi hiyo mara moja. Neno "fu", yaani heri, aghalabu hubandikwa juu chini, kwa kuwa kusema limepinduliwa ni sawa kimatamshi na kusema limefika. Hata ajali hupata tafsiri. Mtoto akivunja sahani siku hiyo hagombezwi, bali wazee huharakisha kutamka "suisui ping'an", amani mwaka hata mwaka, kwa sababu "sui" ya kuvunjika na "sui" ya mwaka husikika sawa.

Lakini michezo hii ya maneno ni pambo tu. Kiini cha sikukuu ni kukutana. Chakula cha mkesha huitwa chakula cha kuungana tena, na kwa ajili yake mamilioni ya wafanyakazi huondoka mijini kurudi vijijini katika msimu wa safari unaodumu siku 40. Wengi wao wamewaacha watoto wao kwa babu na nyanya mwaka mzima. Watu hukesha pamoja, wadogo hupewa pesa ndani ya bahasha nyekundu, na siku ya pili binti aliyeolewa huenda na mumewe kwa wazazi wake.

Katika ziara hizo kila mtoto hufanya mtihani usioandikwa. Sharti amsalimu kila jamaa kwa jina lake la ukoo. Kaka mkubwa wa baba ni "bobo", mdogo wa baba ni "shushu", dada ya baba ni "gugu", ndugu wa kiume wa mama ni "jiujiu". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Hao ni baba mkubwa, baba mdogo, shangazi na mjomba.

Sikukuu hii imestahimili mengi. Jamhuri ilipoanza kutumia kalenda ya Ulaya mwaka 1912, na serikali ya Nanjing ilipojaribu mwishoni mwa miaka ya 1920 kuufuta mwaka wa jadi, watu waliendelea kuusherehekea. Mwaka 1967, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, likizo yake ilifutwa kwa amri, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla ya kurejeshwa. Hata hivyo, mnamo Desemba 2024 UNESCO iliiweka sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Amri hazikuiua. Pigo kubwa zaidi kwa msamiati wake limetoka kwingine. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015, sera ya serikali iliziwekea familia nyingi, hasa za mijini, kikomo cha mtoto mmoja. Mtoto wa leo ambaye baba na mama yake wote walizaliwa peke yao hana "bobo", hana "shushu", hana "gugu" wala "jiujiu". Maneno yamo kamusini, lakini mezani viti vya wenyewe ni vitupu.

Na sisi je? Hatukuwekewa kikomo chochote. Baba wakubwa tunao, wajomba tunao, mashangazi wamejaa tele. Hata hivyo, ingia katika nyumba nyingi za Nairobi umsikilize mtoto akiwaamkua wageni. Wanaume wote ni "anko" na wanawake wote ni "anti", pamoja na jirani na rafiki wa baba kazini. Wachina wengi wamepoteza watu, majina yakabaki. Sisi watu tunao na majina tunayatupa kwa hiari yetu!

Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na tangu hapo vijana wetu wengi wamejifunza Kichina. Nawapongeza. Lakini ingekuwa aibu iwapo kijana wetu angejua "jiujiu" ni nani kabla ya kumjua mjomba wake.

Kwa hivyo nina pendekezo kwa walimu wenzangu. Shule zikifungwa Desemba na familia zikisafiri kwenda mashambani, mpeni kila mwanafunzi kazi moja. Aorodheshe jamaa wote watakaokula pamoja, na mbele ya kila mmoja aandike jina la ukoo analostahili kuitwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Asipolijua, amwulize nyanya yake.

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Nami nauliza, huko kwao atapokewaje, iwapo hajui amwite nani jina gani?