AFYA NI MALI: Mafua Yasiyo na Homa

Watu wa Buna, na wa nchi yote iliyo kati ya Wajir na Moyale, huuhesabu mwaka kwa majira manne. Gu ni mvua kubwa, zianzazo kati ya Machi na Aprili. Hagaa ni miezi ya upepo. Deyr ni mvua za kuanzia Oktoba. Na Jilaal ni kiangazi kikali. Mvua zinyeshapo, majani huota, ngamia huongeza maziwa, na nyuso za watu hukunjuka. Lakini wako watu ambao neema hiyo huwajia pamoja na taabu. Majani yakianza kutoa maua tu, wao hupiga chafya mfululizo tangu alfajiri, pua huchuruzika maji meupe kisha huziba, na macho huwasha na kuwa mekundu. Hali hiyo hudumu kwa majuma mengi, wala mwili hauwi na homa.

Ugonjwa huo si mafua ya kuambukizana. Ni mzio, yaani mwili kukasirishwa na kitu ambacho watu wengine hukivuta puani bila kudhurika. Aliyeueleza kwanza kwa maandishi yaliyo wazi ni tabibu John Bostock wa London, mwaka 1819, naye alikuwa akiugua mwenyewe. Mwaka 1873, Charles Blackley wa Manchester alionyesha ya kuwa kisababishi chake ni chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua ya majani uchukuliwao na upepo. Mwili wa mgonjwa huudhania unga huo kuwa ni adui, hutoa kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo iletayo chafya, maji ya pua na mwasho.

Katika Kaunti ya Garissa na kandokando ya Mto Tana kuna mti mwingine wa kuangaliwa, nao ni mathenge. Mti huu ulipandwa karibu na Mombasa mwaka 1973, baadaye ukapelekwa katika nchi kavu ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ulienea mno, hata mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza kuwa ni gugu baya. Watu wengi wanaijua miiba yake na madhara yake kwa meno ya mbuzi, lakini si wengi wajuao ya kuwa chavua yake huleta mzio. Matabibu wa Kuwait na India wameyathibitisha hayo kwa wagonjwa wao.

Ama katika miezi ya Hagaa, vumbi lenyewe huchokoza pua, hata ya mtu asiye na mzio. Moshi wa kuni na wa uunsi ndani ya herio huzidisha taabu hiyo.

Kwa kuwa ugonjwa huu hauui, watu wengi huudharau. Hilo ni kosa. Mtoto asiyelala usiku kwa kuziba pua husinzia darasani, na mchungaji ambaye macho yake yanatiririka machozi hawezi kulinda mifugo yake. Tena hasara iliyo kubwa zaidi hutokana na tiba isiyofaa. Mtu huuza mbuzi ili anunue viuavijasumu, na viuavijasumu havina kazi yo yote juu ya mzio. Mwingine huchomwa sindano kali ya steroidi, akapata nafuu kwa muda, asijue ya kuwa sindano za namna hiyo zikirudiwa huweza kuharibu mifupa na kuzidisha sukari mwilini. Basi tiba ya bei nafuu huanza kwa kuujua ugonjwa wenyewe.

Yafuatayo ni mashauri ambayo mtu wa kipato kidogo aweza kuyafuata.

Kwanza, kinga. Kitambaa safi kilichofunika pua na mdomo, kama wafanyavyo wasafiri wa jangwani, huzuia sehemu kubwa ya vumbi na chavua. Vaselini kidogo ikipakwa kuzunguka matundu ya pua hunasa chavua kabla haijaingia. Mtu akirudi kutoka malishoni aoshe uso na kubadili nguo, wala asilale na shuka aliyojitanda mchana. Moto wa kupikia uwashwe nje iwezekanapo.

Pili, kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chukua kikombe kimoja cha maji, kiasi cha robo lita, yaliyochemshwa yakatokota kisha yakapoa. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi. Inamia beseni, pumua kwa mdomo, na umimine maji polepole katika tundu moja ili yatokee kwa lingine. Hapa pana mambo mawili ya kuangalia. Maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi tayari, wala kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hiyo ni bora kutumia maji ya mvua au maji mengine matamu. La pili ni kubwa zaidi: maji yasichemshwe nusu nusu. Kuna mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, akaaye katika maji ya uvuguvugu, ambaye akipanda puani huweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni ajali iliyo nadra, lakini mjini Karachi, Pakistani, watu wamekufa kwayo. Hata wakati wa kutawadha, ni vema maji yatiwayo puani yawe safi na yasivutwe kwa nguvu.

Tatu, vidonge. Piriton inajulikana sana, na kidonge chake ni rahisi, lakini humezwa mara kadhaa kwa siku, tena huleta usingizi. Dereva wa lori katika barabara ya Wajir na Moyale asiimeze kisha akashika usukani. Setirizini na loratadini humezwa mara moja kwa siku, na usingizi wake ni mchache, ijapokuwa setirizini huwasinzisha baadhi ya watu. Shirika la Afya Duniani limeiweka loratadini katika orodha ya dawa muhimu. Mnunuzi apige hesabu ya gharama ya siku nzima, si ya kidonge kimoja. Tena aitaje dawa kwa jina lake la asili, kwa maana yenye jina la kampuni mashuhuri mara nyingi huwa ghali, na kazi ni ile ile. Kwa kuwa kidonge kimoja chatosha kutwa, mwenye kufunga Ramadhani aweza kukimeza usiku. Mtoto mdogo na mama mja mzito wasipewe ila kwa shauri la tabibu.

Nne, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi kidogo. Bei yake ni kubwa kuliko ya vidonge, lakini chupa moja hudumu kwa majuma kadhaa, nayo ndiyo ifaayo zaidi kwa mtu ateswaye msimu mzima. Nguvu yake kamili haionekani siku ile ile. Yafaa kuanza majuma mawili hivi kabla ya msimu wa taabu. Isichanganywe na matone ya kuzibua pua, ambayo yakitumiwa zaidi ya siku 5 huifanya pua izibe kuliko mwanzo.

Mwisho, si kila chafya ni mzio. Mtu akikohoa zaidi ya majuma mawili, au akitoka jasho usiku na kukonda, na apimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali ya Kenya. Kifua kikilia kama filimbi, huenda ni pumu. Mtoto akitoka usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, huenda ameingiza punje au shanga humo. Hao wote wapelekwe kwa tabibu bila kukawia, wala wasitibiwe kwa kubahatisha dukani.