Namba Tasa na Swali la "Umejuaje?"

Huku kwetu Shinyanga na Geita neno moja la mtu anayeheshimiwa linaweza kuhamisha watu. Akisema porini kuna dhahabu, kesho maturubai yamesimama na maduara yanachimbwa. Akisema bibi fulani ni mchawi, bibi huyo halali tena kwa amani. Nani hujitokeza kumuuliza, "Umejuaje?"

Swali hilo tunaweza kujifunza kutokana na kosa la padre mmoja. Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa Shirika la Waminimi, alipenda namba tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Zidisha 2 tano kwa pamoja, unapata 32. Toa 1, inabaki 31, namba tasa. Fanya hivyo kwa 2 kumi na moja, unapata 2047. Hiyo si tasa, kwa kuwa ni 23 × 89.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha kwamba ukitumia 2 sitini na saba, jibu ni namba tasa. Jibu hilo lina tarakimu 21, na msemaji aliheshimiwa. Ilichukua hadi 1876 Édouard Lucas kuthibitisha kwamba si tasa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole akaonyesha vigawo vyake: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kuwa kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Leo mwanafunzi yeyote mwenye kalamu anaweza kuihakiki.

Mersenne hakuwa mwongo, ila heshima yake haikuweza kugeuza ukweli. Ndiyo maana namba tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320, ilipimwa tena kwa mashine na programu nyingine kabla ya kutangazwa.

Ikiwa namba isiyomdhuru mtu inapimwa hivyo, vipi neno linaloua? Katika kanda yetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mganga alisema viungo hivyo huleta utajiri. Vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, wakati miaka mingi ya moshi wa jikoni yatosha kuyafanya mekundu.

Wapo watakaosema kuulizauliza kunaua imani. Mama Maria alimuuliza malaika jambo lile litakuwaje, naye hakukemewa, alijibiwa. Imani yetu haiogopi swali. Linaloogopa swali ni ramli.

Kwa hiyo hisabati seminarini isionekane mzigo wa kupita mtihani. Tuizoeze midomo yetu kuuliza "Umejuaje?" darasani, katika jumuiya ndogo ndogo na hata mgodini. Padre wa kesho asiyethubutu kuuliza swali hilo mbele ya ubao, ataliulizaje mbele ya watu wenye mapanga mlangoni kwa bibi?