Hedifoni zako haziwezi kunyamazisha jenereta ya Liboi

Uko ndani ya matatu ya Eastleigh, hedifoni masikioni. Umebonyeza kile kitufe na ngurumo ya injini ikayeyuka. Raha, sivyo? Umelipia kimya chako. Sasa twende Liboi.

Ukifika Dadaab unaendelea kama kilomita 80 hivi, na ukifika Liboi mpaka wa Somalia hauko mbali. Katika miji ya aina hii, mbali na nyaya za stima, jenereta ya dizeli ndiyo soda baridi na chaji ya simu. Jioni ikiwashwa, mtoto wa jirani anayesoma kwa ajili ya mtihani hana kitufe cha kubonyeza.

Na hicho kitufe si uchawi. Maikrofoni ndogo inasikiliza kelele, spika inatoa wimbi lililopinduliwa, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana. Mjerumani Paul Lueg aliliwekea wazo hili hataza miaka ya 1930. Kilichokosekana ni akili ya kufuata kelele inayobadilikabadilika. Mwaka 1960, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff, wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakachapisha kanuni ya kichujio kinachojirekebisha: kinasikia kosa lililobaki, kinajisahihisha kidogo, kinasikiliza tena. Manze, kiini chake ni mistari michache ya kodi. Unaweza kuiandika kabla chai haijapoa.

Jenereta ni kama iliumbiwa kanuni hii. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hunguruma hasa kwa mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi la karibu mita 7. Spika ikikaa kwenye mdomo wa eksozi inalikabili pale pale linapotoka. Ukingoja lisambae mtaani, utatuliza eneo dogo tu kuzunguka kichwa cha mtu mmoja. Hapo ndipo ninapogombana na hedifoni: zinamhudumia mwenye pesa na kumwacha mwenye jenereta aendelee kama kawaida.

Tena Liboi hakuna anayetaka uziwi. Adhana isikike. Mbuzi wasikike. Mtu akibisha hodi saa nane usiku huku mpakani, unataka kumsikia. Spika ya kwenye eksozi inapambana na mngurumo huo mmoja, mengine yote inayaacha.

Najua utaniambia kuhusu vumbi, na joto litakaloiua maikrofoni. Kweli. Na kelele nyingine hutoka kwenye mwili wa injini, si eksozi, kwa hiyo kizuia sauti kizuri na ukuta vinatangulia. Sola ingekuwa bora zaidi. Garissa imo katika kaunti 14 za mradi wa serikali wa umeme wa jua, K-OSAP. Lakini usiku wa leo dizeli bado inanguruma. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 35 usiku kwenye makazi. Nani amewahi kwenda na kipimo Liboi?

Basi wewe wa uhandisi, mwaka wa mwisho, usituletee tena programu ya kuagiza chips. Panda basi la Garissa na laptopu, maikrofoni mbili na spika kuukuu. Omba ruhusa kwa mwenye jenereta, kisha muulize jirani yake kama amesikia tofauti.