Kuficha si kufuta: Programu ya chama ilivyonifunza adabu Ogwedhi

Siku ya soko Ogwedhi haina idadi. Leo wanakuja watu 18, wiki ijayo 30. Upande huu wa Migori unakaribiana na Trans Mara, kwa hivyo Mjaluo, Mmaasai na Mkuria wote wanakutana hapa na ng'ombe wanabadilisha wenyewe. Jioni akina mama wa chama wanakaa kuhesabu michango, na mweka hazina wao anafungua daftari lililoanza kuchanika.

Mimi niliacha chuo baada ya karo kunilemea. Python nimejifunza mwenyewe kwa laptopu ya mtumba. Nilipoliona daftari lile nikajiona mkombozi.

"Mama, nitakuundia programu."

"Sawa, wuoda," akanijibu. "Lakini daftari langu silitupi."

Bahati yangu hakulitupa. Na ndiyo maana leo nina neno kwa vijana wenzangu wanaounda programu za chama, duka na kanisa: usimpe mtu programu ya pesa kabla hujajua kila kisanduku kwenye skrini ni cha nani, hata baada ya watu kuingia na kutoka.

Tuanze na kosa la kwanza. Kwa kuwa idadi ya wanachama inabadilika, huwezi kuchora visanduku kumi ukamaliza kazi. Unaiambia programu izalishe yenyewe: kwa kila mwanachama, mstari mmoja kwenye gridi, wenye jina, kisanduku cha pesa na kitufe cha kufuta. Kwa Tkinter, ambayo huja pamoja na Python, ni mistari michache tu. Nikazalisha visanduku 23, vikapendeza kweli. Kumbe vyote nilivipa jina moja, "pesa". Nilipobonyeza Hifadhi, programu ikasoma cha mwisho peke yake.

Mtu wa Ogwedhi atanielewa hivi: umekuja sokoni na mbuzi 23 na kamba moja. Unamfunga wa kwanza, unamfungua, unamfunga wa pili, hivyo hivyo hadi wa 23. Mbuzi wote wako sokoni, unawaona kwa macho, lakini aliye mkononi mwako ni mmoja tu. Dawa ni kila mbuzi na kamba yake: kila kisanduku kikizaliwa, kiwekwe kwenye orodha papo hapo.

Nikarekebisha. Kosa la pili ndilo lililoniletea aibu.

Mwanachama mmoja alihama, nikabonyeza kitufe cha kumtoa. Mstari wake ukapotea kwenye skrini. Jioni hiyo kila mtu alichanga shilingi 200. Watu 22 ni shilingi 4,400, na ndizo zilizokuwa kwenye kikapu. Programu ikasema 4,600. Manze, kimya kilichofuata! Macho yote yakamwendea mweka hazina. Mama wa watu, aliyebeba pesa za wenzake miaka yote bila doa, akaanza kutazamwa kama mwizi kwa sababu ya msimbo wangu.

Akafungua daftari, akasoma jina moja moja. Shilingi 4,400. Kosa lilikuwa langu. Nilitumia amri ya grid_forget, ambayo hukiondoa kisanduku kwenye gridi lakini haikiui. Kilikuwa bado hai nyuma ya pazia, na zile 200 nilizokuwa nimezijaza awali bado ziko ndani, zinahesabiwa. Ukitaka kiondoke kabisa, tumia destroy, na ukitoe pia kwenye orodha yako. Ukitumia destroy ukakiacha kwenye orodha, programu itakwama ikikitafuta; ukikitoa kwenye orodha bila destroy, kitabaki kwenye skrini bila kuhesabiwa.

Kosa la tatu lilikuja nikiwa katika haraka ya kutengeneza la pili. Majina niliyaweka kwenye orodha moja, visanduku kwenye nyingine, nikategemea namba ya mstari kuviunganisha. Nikatoa jina la yule aliyehama, nikasahau kutoa kisanduku chake. Majina yote yaliyomfuata yakapanda hatua moja, pesa zikabaki pale pale. Mama asiyetoa kitu akaandikwa amelipa. Jirani yake aliyelipa akaandikwa ana deni.

Funzo? Nafasi ya mtu kwenye foleni si kitambulisho chake. Mpe kila mwanachama namba yake ambayo haipewi mwingine hata akiondoka, kisha jina, kisanduku na kitufe vyake vifungwe pamoja chini ya namba hiyo. Gridi ni ya macho tu. Mstari wa saba leo unaweza kuwa wa sita kesho, hesabu isijali.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la chama cha kijijini. Si dogo. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kufanywa kwa vishikwambi, na Tanzania nayo ikavitumia mwaka wa 2022. Boma moja lina watu wawili, lingine 14. Fomu inayolazimisha watu kutosha kwenye visanduku vyake inadanganya kabla hata hujaijaza.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kuomba taarifa zake zenye makosa zirekebishwe au zifutwe. Ukimwambia mtu umemfuta ilhali umemficha tu, hapo umemdanganya. Lakini tusichanganye mambo: kumtoa mtu kwenye fomu ya leo hakumaanishi kufuta alichochanga mwaka jana. Hiyo ni historia ya chama, na inapaswa kubaki mahali pake.

Kwa hivyo, kabla ya kupiga picha skrini yako na kuiposti, fanya jaribio moja. Ongeza watu watano. Mfute wa tatu. Ongeza mwingine. Hifadhi, funga programu, fungua tena, uhesabu kwa kidole. Wengi wetu tunajaribu kufuta wa mwisho tu, na wa mwisho huwa hasumbui. Shida iko katikati.

Nawe unayeundiwa programu, usione haya. Mwambie kijana wako amtoe mtu wa katikati ukiwa unatazama. Akianza kujikuna kichwa, mpe wiki nyingine.

Programu ya chama sasa inafanya kazi, na jumla inalingana na kikapu. Daftari bado liko kwenye mkoba wa mweka hazina. Sijamwomba alitupe.