KONA YA AFYA: Uvimbe wa Ukoo Siyo Laana

Mwezi huu tuongee juu ya vivimbe vinavyopita katika ukoo.

Kilichonisukuma ni hiki. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto aliyevimba taya upande mmoja. Wenzake wakaanza kuhama dawati, eti atawaambukiza. Bibi yake akaniambia, "Mwalimu, hii ni laana, hata baba yake alikuwa nayo." Nilinyamaza, sikuwa na jibu. Mtoto alipopewa rufaa, daktari wa meno alipiga picha akakuta vifuko ndani ya mfupa wa taya. Swali lake la kwanza likawa: nani mwingine katika familia ana hivi? Kumbe bibi alikuwa ameona kweli, ila jina ndilo alilokosea.

Ugonjwa huo unaitwa Gorlin. Madaktari wawili wa Marekani, Robert Gorlin na Robert Goltz, waliueleza mwaka 1960. Unatokana na kasoro kwenye jeni, yaani ile mbegu ya urithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuurithi, wa kike au wa kiume sawasawa. Wengine unaanzia kwao, wazazi hawana. Hauambukizi kwa kugusana wala kwa kula sahani moja.

Dalili zake ni zipi? Vifuko vya taya, mara nyingi kabla ya miaka 20. Vivimbe laini chini ya ngozi, na vipele vidogo vyeupe usoni. Vishimo vidogo kwenye viganja na nyayo. Ukiloweka mikono majini dakika 10 hivi vinaonekana vizuri zaidi. Vivimbe hivyo vya ngozi vyenyewe siyo saratani, lakini ni kama kengele: mwenye ugonjwa huu anaweza kupata saratani ya ngozi mara nyingi, hata akiwa kijana. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata kidogo kuliko weupe, ndiyo maana kwetu mara nyingi taya ndiyo inatangulia kusema.

Sasa tufanye nini?

1. Usitumbue uvimbe kwa wembe wala sindano. Utaingiza uchafu bure.
2. Taya ikivimba, au meno yakihama mahali pake, nenda dispensari uombe kuonwa na daktari wa meno. Kifuko kikiachwa kinakula mfupa. Hata kikitolewa kinaweza kurudi, kwa hiyo usiache kwenda kliniki.
3. Kidonda kisichopona, kionyeshe mapema.
4. Jikinge na jua kali: kofia, kitenge, kivuli.
5. Mwambie daktari habari za ukoo wako. Hili ni kubwa. Kwa watu hawa matibabu ya saratani kwa mionzi yanaweza kuleta saratani nyingine nyingi, na daktari asipoambiwa hatajua. Ila picha ya taya anayoihitaji daktari usiikatae.

Ndugu zangu, tulipokimbia wengi tuliacha vyeti na karatasi za hospitali. Lakini habari za ukoo tunazo vichwani. Kaeni na wazee jioni, waulizeni babu aliumwa nini, shangazi alipasuliwa nini, mwandike kwenye daftari.

Yule mtoto amepasuliwa na amerudi darasani. Dawati lake sasa wanakaa watatu.

Tukutane mwezi ujao.