Choo cha Damu Si Ugonjwa Mmoja

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulisema. Jambo hilo ni choo chenye damu. Anayelificha anaumia peke yake, na mara nyingi anamaliza fedha zake bila kupona.

Tuchukue mfano. Mkulima wa machungwa wa Maramba, chini ya milima ya Usambara, anaanza kuharisha. Choo kina damu na kamasi. Usiku anaamka mara tatu kwenda chooni. Anakwenda duka la dawa, anauziwa Flagyl. Hapati nafuu. Ananunua tena. Jirani anamwambia, "Hivyo ni vidonda vya tumbo, acha pilipili." Mwingine anamletea unga wa mizizi katika chupa. Anaunywa mwezi mzima, na kweli damu inakatika. Anafurahi na kuwasimulia wenzake. Baada ya miezi 4 damu inarudi. Safari hii amekonda, na hana nguvu ya kushika jembe.

Je, mkulima huyu alikosea wapi? Kwa maoni yangu kosa lake kubwa si ule unga. Kosa lake ni kutibu ugonjwa asioujua.

Choo cha damu tumekijua siku nyingi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasoma vitabu na kusikiliza redio. Walijifunza habari za kuhara damu, vyoo na maji safi. Mafunzo hayo yalikuwa ya kweli, na hata leo ni ya kweli. Watu wengi wanaohara damu vijijini wameambukizwa amiba au bakteria kwa maji machafu, chakula au mikono isiyonawiwa.

Lakini upo ugonjwa mwingine, ambao kwetu hauonekani mara nyingi kama huo. Ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Utumbo mpana ni ule wa mwisho, unaonyonya maji kabla choo hakijatoka. Mwili wa kila mtu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao wanaugeukia utumbo wa mwenyewe. Utumbo unavimba, unachubuka na kutoa damu. Ugonjwa huanzia karibu na tundu la haja kubwa na kupanda juu. Kwa nini askari wanageuka, waganga hawajapata jibu kamili. Wanachojua ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Basi hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani yake, wala kumsema kwamba nyumba yake ni chafu, wala kumtafuta aliyemroga.

Usiuchanganye na vile tunavyoviita vidonda vya tumbo. Hivyo huwa katika mfuko wa chakula, na huletwa zaidi na bakteria fulani au na dawa za maumivu. Majina yanafanana, ila dawa ni tofauti.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linalowapoteza wengi. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana huja na kuondoka. Unaweza kukuchoma wiki 6, kisha ukatulia miezi mingi hata kama hukunywa kitu. Ukitulia, unasifu kile ulichokula mwisho. Kama ulikunywa unga wa mizizi, unasifu unga. Kama uliacha nyama, unasifu kuacha nyama. Muuzaji wa unga naye si lazima awe mwongo. Ameona kwa macho yake watu wakipata nafuu. Ila hakuwafuata hadi siku damu iliporudi.

Kwa hiyo anza na kipimo. Katika zahanati au kituo cha afya, choo chako kitaangaliwa kwa hadubini. Kipimo kimoja kinaweza kukosa kumwona amiba, basi ukiambiwa urudi, rudi. Kama hakuna kijidudu na damu inaendelea, omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko mganga ataingiza mpira mwembamba wenye taa, ataona utumbo wenyewe na kukata kipande kidogo cha kupima. Hospitali za rufaa kama Muhimbili na KCMC zina kipimo hiki. Najua Moshi na Dar es Salaam ni mbali na Maramba, na nauli ni fedha. Lakini hebu jumlisha bei ya chupa zote za unga na vidonge vyote ulivyonunua kwa kubahatisha.

Kipimo kina sababu nyingine. Dawa moja ya kutuliza uvimbe inaitwa prednisoloni. Inamsaidia sana mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Ukimpa mwenye amiba, inaweza kumwua. Usikubali kuuziwa dawa hiyo dukani bila kupimwa. Na ukipewa hospitali, usiikatize ghafla. Inapunguzwa kidogo kidogo.

Chakula je? Chakula kinasaidia, lakini hakiponyi ugonjwa huu. Siku ambazo utumbo unatoa damu, kula vyakula laini: uji, wali uliolainika, viazi, ndizi mbivu, mayai, samaki wa kuchemsha. Bada kwa mchuzi mwepesi wa samaki ni chakula kizuri, mradi unga wa muhogo umekaushwa na kutengenezwa vizuri. Kwa siku hizo weka kando mahindi ya kuchoma, maharage, mchunga, nyama za chungwa na pilipili. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa yakikuzidishia kuhara, yaache. Yasipokudhuru, kunywa, kwa sababu mifupa inayahitaji. Ukipata nafuu, rudia mboga na matunda taratibu. Nimesikia watu wanaoacha chakula kimoja baada ya kingine mpaka wanabaki na uji mtupu. Hao wanakonda kwa njaa, na lawama inapewa ugonjwa.

Ukiharisha sana, rudisha maji mwilini. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Koroga, unywe pole pole.

Damu inayotoka inapunguza wekundu wa damu mwilini, basi mganga anaweza kukupa vidonge vya madini ya chuma. Vitafanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Anayetumia dawa ya salfasalazini huongezewa vidonge vya foliki, vile wanavyopewa wajawazito. Watu wa Tanga wanapenda kuuliza habari za manjano. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya kuwapa wagonjwa dawa iliyotolewa katika manjano. Ugonjwa ulirudi kwa watu wachache zaidi. Lakini wagonjwa wale walikuwa wanaendelea na dawa zao za hospitali, na kile walichopewa kilikuwa na nguvu kuliko manjano ya mchuzi. Weka manjano katika mchuzi wako ukipenda. Usiyaweke mahali pa dawa.

Jihadhari na vidonge vya maumivu kama diklofenaki, maana vinaweza kuamsha ugonjwa. Mwezi wa Ramadhani ukifika na wewe unatoa damu, kumbuka dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku zake baadaye. Na hata ukiwa huna maumivu, rudi kupimwa, hasa ukitimiza miaka 8 na ugonjwa huu, kwa sababu saratani ya utumbo huweza kuingia kimya kimya.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, moyo kwenda mbio au tumbo kuvimba.

Wewe uliyejifunza kuandika, chukua daftari kabla hujaenda zahanati. Andika damu ilianza siku gani, unakwenda choo mara ngapi mchana na usiku, na jina la kila dawa uliyokunywa, pamoja na ule unga. Ukiona haya kusema mbele ya watu, mpe mganga daftari asome mwenyewe.