Qatar Ilikuwa Inapatanisha Tu, Makombora Yakaifuata Nyumbani. Sisi Wakenya Je?

Kama uko na ndugu ama beshte anasaka riziki Doha, unakumbuka vile grupu za WhatsApp ziliwaka usiku wa Juni 23, 2025. "Uko sawa?" "Ni nini hiyo angani?" Iran ilikuwa imerusha makombora Qatar, nchi ambayo haikuwa na ngori nayo kabisa.

Sasa cheki vile mtu asiye na vita hujipata vitani.

Qatar ni kanchi kadogo, watu kama milioni 3, na wengi wao ni wageni waliokuja kazi. Kwa siasa za dunia, imejitengenezea jina kama mzee wa mtaa: mkikosana, mnaitwa Doha mketi mbonge. Taliban na Marekani walitia sahihi huko Februari 2020. Hamas wamekuwa na ofisi huko tangu 2012, na Marekani ilijua.

Na Iran? Hao wanakula sahani moja. Gesi inayoitajirisha Qatar inatoka chini ya bahari, kwa hazina ambayo sehemu nyingine iko upande wa Iran. Halafu 2017, Saudi Arabia na wenzake walipoifungia Qatar mipaka, Iran ndiyo iliifungulia anga na kuitumia chakula. Nani na akili timamu anataka kupigana na jirani kama huyo?

Shida ni Al Udeid. Hiyo ndiyo kambi kubwa zaidi ya Marekani Mashariki ya Kati, wanajeshi kama 10,000. Ukiwa mdogo, uko na doh, na majirani ni mabuda wakubwa, unaweka baunsa mlangoni. Poa. Lakini baunsa huja na maadui wake.

Juni 22, Marekani ililipua vituo vya nyuklia vya Iran. Makombora ya Iran hayawezi kufika Washington, kwa hivyo ikaangalia Mmarekani wa karibu anaishi wapi. Kesho yake, Al Udeid. Trump alisema makombora yalikuwa 14 na 13 yakadunguliwa. Hakuna aliyekufa. Iran ikaiambia Qatar, ndugu, hatukulenga wewe. Lakini kombora halijui undugu.

Kama hiyo haitoshi, Septemba 9 Israel, beshte wa baunsa huyo huyo, ikapiga Doha ikisaka viongozi wa Hamas waliokuwa wanajadili pendekezo la Marekani la kusimamisha vita Gaza. Watu sita walikufa, mmoja wao afisa wa usalama wa Qatar. Baunsa hakuzuia kitu.

Hapa ndipo stori inakuwa noma. Baadaye Netanyahu aliomba msamaha kwa simu kutoka White House, na Trump akatia sahihi amri kwamba ukishambulia Qatar umetishia Marekani. Yaani Qatar ilipigwa mara mbili 2025, na ikaishia kumkumbatia baunsa zaidi. Hakuna siku iliamka ikasema, "Leo tunaingia vita." Kila hatua ilikuwa ya kutafuta usalama.

Sasa rudi nyumbani. Agosti 7, 1998, watu 213 waliuawa hapa Nairobi na bomu lililolenga ubalozi wa Marekani. Wengi walikuwa Wakenya wakichapa kazi zao. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walivamia Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Juni 2024, Marekani ikatupatia cheo cha mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Qatar walipewa hicho hicho 2022.

Sisemi Wamarekani wafukuzwe. Al-Shabaab ni maadui zetu pia, na KDF iliingia Somalia 2011. Lakini hii ni ardhi yetu, na kuna maswali Bunge inafaa kuuliza kwa sauti. Ni nani anaamua kitakachorushwa kutoka hapa? Tutaambiwa kabla ama baada? Na adui akija kulipiza, nani atalipa mama mboga aliyekuwa anapita tu?

Hilo la mwisho si la kufikiria. Manusura wa 1998 wamezeeka wakidai fidia.

Wewe unaonaje, baunsa abaki ama tusome kwanza mkataba wake?